Kauli Halali ya Mheshimiwa

Mheshimiwa Senkondo alikaa bungeni miaka thelathini bila kusumbuliwa na wazo jipya, kwa hiyo ile sheria ilimkaa kama kanzu ya kushonewa: mbunge asiyebadili msimamo husemewa na mashine yenye sauti yake, na ikishasema, hiyo ndiyo kauli yake halali popote. Wenzake hawakuona tofauti. Waligonga meza kama kawaida. Yeye akabaki nyumbani, akinywa uji na kuwahubiria kuku habari za mila.

Asubuhi moja binti yake, Namsifu, alisimama nje ya geti, uso umevimba kwa kipigo cha mumewe, mtoto mgongoni. Geti halikufunguka. Mheshimiwa mwenyewe ndiye aliyepitisha sheria kwamba mwanamke aliyekimbia ndoa haingii kwao mpaka baba yake atamke ruhusa.

Akamwona mjukuu anatetemeka kwa baridi. Kwa mara ya kwanza maishani, moyo ukamgeuka.

"Funguka," akaliambia geti.

Geti likaiuliza mashine kule bungeni. Jibu likaja kwa sauti yake ileile ya majukwaani: "Mwanamke hurudi kwa mumewe. Mila ni mila." Nyuma yake zikasikika meza zikigongwa.

"Huyo si mimi!" akapayuka. "Mama Namsifu, liambie huyo si mimi!"

Mkewe alimtazama kama anavyotazamwa mgeni asiyealikwa.

"Huyo ndiye niliyeolewa naye," akasema. "Wewe ndiye nisiyekujua."

Akampita, akaenda kuchukua shoka la kuvunjia geti.