Miaka Miwili ya Kumwogesha Nyanya

"Kwa miaka miwili nimemwogesha nyanya yangu aliyepooza."

Mama Bridget aliisoma sentensi hiyo mara mbili kwenye fomu ya bintiye ya kuomba kusomea udaktari, iliyokuwa wazi kwenye laptop. Damu ikamchemka. Vidole vyake bado vilikuwa vimekunjamana kwa maji ya kumwogeshea nyanya huyo huyo.

"Daktari, mbona kwenye beseni hatujawahi kukutana?"

"Mum, kila mtu anaongeza chumvi. Bila experience hawakuchukui."

"Chumvi tia kwenye chungu chako, si changu!"

Chumbani nyanya akaita, amejichafua tena. Bridget akanyoosha kidole abonyeze kutuma. Mama akaifunga laptop kwa kishindo, nusura imng'ate Bridget kidole, akamtupia glavu.

"Miaka miwili yako inaanza sasa hivi. Mgeuze polepole, bega la kushoto linamuuma."