Mdomo wa Mashine

Nilipoubandua mpira wa mlango wa mashine kwa kidole, ukatoka ute mweusi uliochanganyika na nywele. Mashine ya kufulia ilinuka kama tambara lililosahauliwa kwenye ndoo. Hata shuka nilizotoka kufua zilinuka vilevile.

"Mama, umefunga mlango tena!" nilipaza sauti.

"Nimefunga," mama mkwe alijibu kutoka sebuleni, bila hata aibu. "Mdomo wazi hivyo, utadhani inasubiri kulishwa."

Nimemweleza mpaka koo limenikauka: mpira ufutwe, mlango uachwe wazi, ndani pakauke. Nikitoa mguu tu, ameshaufunga.

"Nakuomba, mama. Leo usiuguse."

"Haya. Mimi simo."

Nikazifua shuka upya, nikaufuta mpira kwa siki, mkunjo kwa mkunjo, nikauacha mlango wazi na kwenda kuanika.

Niliporudi, mlango ulikuwa bado wazi. Hatimaye! Nikainama ninuse ushindi wangu.

Macho mawili yakanitazama kutoka ndani. Kibonge, mwanangu wa miaka miwili, alikuwa amejikunja humo kama nguo chafu, kidole kimoja mdomoni, mkono wa pili ukiuvuta mlango aufunge.

Nilimtoa upesi. Kisha nikaubamiza mlango mpaka ukalia: ka!

"Mama Kibonge," sauti ikaja kutoka sebuleni, "ni wewe uliyefunga?"

"Ni mimi."

"Si itanuka?"

Nilimkumbatia Kibonge. Nywele zake zilinuka siki.

"Na inuke, mama."