Kanga Aliyenyimwa Nafasi

Maradhi yalipoingia msituni, shule ilibakiza nafasi chache tu, kwa watoto ambao kazi za wazazi wao haziwezi kusimama. Mgawaji alikuwa Nyani, mpenda wakubwa, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani.

"Mzee Nyani," alisema Tausi, "nisipotembeza mkia wangu, wagonjwa watafarijiwa na nini?"

"Kweli kabisa, mama. Lete wanao."

Kiboko akadai kwamba yeye hulinda bwawa lisitoroke. Wanawe wote wakapokelewa.

Kanga alipofika na vifaranga wake, nafasi zilikuwa zimekwisha.

"Lakini Mzee, mimi ndiye..."

"Kila mtu ndiye, dada! Hizi ni za wenye kazi muhimu. Wewe kaa nyumbani ulee wanao."

Kanga akainama, akaenda zake.

Jumatatu watoto wa wakubwa walipanda juu ya madawati wakirushiana chaki. Nyani akaja mbio.

"Mwalimu wenu yuko wapi?"

"Mwalimu Kanga? Yuko kwake," akajibu mtoto wa Kiboko. "Analea wanawe, kama ulivyomwamuru."

Ikabidi Kiboko aamshwe usingizini, na Tausi aondolewe mbele ya kioo, waje wachukue watoto wao.