Ujumbe wa Zoezi

Prativa aliusoma tena ujumbe aliowatumia watumishi wote wa shirika, akaona hakuandika kwamba ni zoezi tu.

"Hatari. Acheni kazi, rudini Kathmandu sasa hivi."

Wa ofisini walikuwa wameambiwa tangu asubuhi, wakaendelea kunywa chai. Lakini timu ya chanjo ilikuwa milimani, na mvua ilikuwa haijakatika tangu jana.

Alikimbilia chumba cha redio. Alikuwa mwanafunzi tu, amekuja kujifunza kazi.

"Kaka, walioko milimani wataamini ni kweli!"

Mtu wa redio hakumkaripia. Alimpisha kwenye kiti chake, akamfunika shali yake mabegani.

"Waite, mdogo wangu. Mimi nawapigia polisi wa huko. Bonyeza, sema, halafu achia."

Kidole cha Prativa kilikuwa na jasho, kikateleza kwenye kitufe. Akakifuta kwa shali, akabonyeza tena.

"Gari la chanjo, gari la chanjo, mnanisikia?"

Redio ilikoroma. Kisha ikaja sauti ya dereva, yenye upole.

"Tunakusikia, mdogo wangu. Usituogopee, tunakuja. Maji yamepita juu ya daraja, lakini mkishasema hatari, tutakaaje huku? Tunavuka."

"Msivuke! Ni zoezi! Nimekosea mimi!"

Akaachia kitufe ili asikie jibu. Yalisikika maji, maji mengi, na ndani yake mtu akisema, "Rudia, hatukusikii."