Vipimo vya Sare

Fundi Zamda aliwapima wanawake wa sare ya harusi mmoja mmoja, akitaja inchi kwa sauti, wifi yake Tunu akiandika daftarini. Ilipofika zamu ya Bi Mwanahawa, aliyetoka hospitali mwezi uliopita, vicheko vilikatika. Fundi alipima mabega, kisha akashuka moja kwa moja kiunoni.

“Na kifua?” Tunu aliuliza.

“Hicho nitakikadiria.”

Bi Mwanahawa aliichukua futi ya kupimia, akaizungusha kifuani mwenyewe. “Soma, mwanangu. Titi moja limekatwa. Ni saratani, na kuitaja hakuambukizi.”

Fundi akasoma. Tunu hakuandika. Kalamu ilikuwa imeanguka, na mkono wake ulikuwa umeingia ndani ya khanga, ukipapasa mahali pamoja kwenye titi lake, haukutoka.