Mbwa Aliyefukuza Wageni

Kavindu alimkabidhi Beth kamba ya mbwa, akafuta jicho lililokuwa kavu.

"Mwenye ploti amesema aondoke. Na roho ya huruma unayo wewe peke yako."

Mwenye ploti hakuwa amesema chochote.

Mbwa mwenyewe, Simba kwa jina na sungura kwa moyo, aliokotwa kwenye machimbo ya mawe kule Witeithie, kamba ingali shingoni. Kila aliyefika kwa Kavindu, pale Kamenu, alisimuliwa kisa hicho pamoja na chai: kuna mtu alimpiga mnyama huyu mpaka akili ikaruka, na mtu huyo Mungu anamwona. Ndiyo maana akisikia hodi tu, meno nje.

Si kwamba Kavindu hakujaribu. Hodi ikipigwa aliacha ugali motoni, mwiko mkononi, akamnyamazisha mbwa kwanza, ndipo akafungua mlango. Haikusaidia. Mburu wa maziwa aling'atwa gambuti, buti lake la mpira, mguuni. Nduku akararuliwa leso ya harusi. Mwishowe chama cha akina mama, kilichokutana kwa Kavindu kila Jumapili kwa miaka sita, kikahamia Ruiru kwa Beth.

Hapo ndipo palipouma. Kwa Beth, jamani, ambaye chai yake ni maji yaliyopitishwa karibu na majani! Kavindu alikuwa mtu wa nyumba ya kusukumana, watoto wa watu wakisinzia kochini na umbea ukichemka kuliko sufuria. Sasa alikula pilau peke yake, akitazama kwenye simu picha za wageni wake wakicheka katika kochi la mwingine.

Basi Beth achukue na mbwa. Tuone hao wageni watakaa wapi.

Alingoja Jumapili tatu. Hakuna aliyerudi Kamenu. Ya nne akajifunga kitenge chake kipya, akaenda Ruiru kujionea nyumba tupu.

Mlangoni alihesabu jozi kumi na nne za viatu. Akahesabu tena.

Ndani, katikati ya miguu ya watu, Simba alikuwa amelala chali, tumbo wazi, binti wa Nduku akimkuna. Alipomwona Kavindu aliinuka, akaketi, akamkazia macho.

"Amekukumbuka," Beth alisema.

"Ulimpa dawa gani?"

"Dawa iko wapi? Wiki ya kwanza aliishi chini ya meza. Tukamwacha huko. Watu wakaingia, wakatoka, akachoka kuogopa."

Nduku akadakia kwamba siku hizi mbwa anabweka tu chapati zikichelewa, kama mume wake. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Kavindu alicheka pia, baada ya wengine. Ni vicheko vyake hivyo. Alivilea yeye, miaka sita.

Kuketi kama mgeni hakuweza. Jikoni, palipotazamana na sebule bila hata pazia, Kanini, mmoja wa akina mama wa chama, alikuwa akihangaika na ugali uliojaa mabonge. Kavindu akamsogeza kwa kiuno. Leo wangekumbuka ugali wa Kamenu. Akasonga kwa nguvu, jasho likimtoka, na kweli mama mmoja akasema harufu hiyo ameikosa siku nyingi. Moyo ukamtulia kidogo.

Mlangoni mtu akapiga hodi. Simba hakutikisa hata sikio.

Kavindu, kwa mazoea tu, aliacha ugali motoni akageuka, mwiko mkononi.

Kicheko kilikatika. Simba alikuwa amejibana ukutani, akitetemeka, mkojo ukimtiririka sakafuni, meno yote nje. Chama kizima kikafuata macho ya mbwa mpaka kwenye mwiko, kisha, polepole, mpaka kwenye mkono ulioushika.