Jina Haliendi

"Mamako tulimzika mwili mzima, leo unataka nimtawanye mji huu na ule?"

"Baba, yanayokwenda ni majibu ya vipimo vyake tu," Tabu akamwambia.

Daktari akaeleza tena. Vituo vya utafiti wa saratani vimeingia kwenye mfumo mmoja wa kompyuta, anachokijua mmoja wakijue wote. Hapa, ugonjwa kama wa marehemu wameuona kwake peke yake. Huko kwingine huenda wapo wengine, na huenda kuna aliyepona. Ila lazima mume akubali kwa alama ya kidole.

"Na jina lake litakwenda?"

"Haliendi, mzee. Inakwenda namba."

"Mke wangu namba? Sitaki!"

Tabu akavua mtandio. Akashika shingo palipovimba, palepale ugonjwa ulipomwanzia mamake.

"Nilikuwa nakuficha, baba. Na mimi ninao."

Mzee Chande akaitazama shingo ile. Kisha akakandamiza kidole kwenye kimashine cha alama za vidole mpaka kucha ikawa nyeupe.

"Anaitwa Siwema," akamwambia daktari. "Angalau wewe lijue."

Daktari akalitamka polepole. Mzee alikuwa ameshageuka anatoka, kidole kile bado amekinyoosha.